Shahada si Mlango wa Kwanza: Vijana wa Kibajuni na Kazi za Fedha

Kijana wa Kibajuni wa Kismayo, au wa visiwa vya Koyama, Chula au Chovai, anayetamani kufanya kazi ya fedha hupewa ushauri mmoja na mzazi, mwalimu na mjomba aliyeko Ughaibuni, nao haubadiliki sana kutoka kinywa hadi kinywa: amalize sekondari, avuke mpaka aende Mombasa au Nairobi, na akipata jamaa wa kumlipia aende Malaysia au Uturuki, achukue shahada ya biashara, aiongezee cheti cha kimataifa cha uhasibu, kisha aombe kazi katika benki kubwa. Hayo yakishindikana, ushauri huo haumwachii kitu, kwa kuwa humwambia asahau habari za fedha na arudi kwenye chombo cha kuvulia. Makala hii inadai kwamba ushauri huo, ingawa hutolewa kwa nia njema na watu walioona mengi, umekosea mahali pa kuanzia, na kwamba kosa hilo ni kubwa zaidi katika pwani hii ya kusini mwa Somalia kuliko pengine popote Afrika Mashariki, kwa sababu hapa fedha imeendeshwa kwa zaidi ya miaka thelathini nje ya benki.

Kwa kazi ya fedha inakusudiwa hapa kazi ya kupokea mali ya watu kama amana, kuihamisha kutoka mahali hadi mahali, kuikopesha kwa mwenye haja, kupima uwezekano wa kuipoteza, na kuitolea hesabu mbele ya mwenyewe. Jengo si sehemu ya maana hiyo, wala tai, wala kadi ya plastiki. Wanaoshikilia ushauri uliotajwa huichanganya kazi na jengo lake, na kwa hiyo wanapotazama Kismayo na kuona matawi machache ya benki, huhitimisha kwamba kazi ya fedha haipo na lazima ifuatwe ng'ambo, ilhali kila siku wao wenyewe hulipa mkate, nauli na kodi ya nyumba kwa simu, na hupokea fedha kutoka London na Minneapolis kupitia ofisi ya hawala iliyo hatua chache kutoka mlangoni pao.

Si vigumu kuona ushauri huo ulikotoka. Serikali ya Siad Barre ilizitaifisha benki mwaka 1970, na dola ilipovunjika Januari 1991 mfumo huo wa benki za serikali ulizama pamoja nayo, amana za wenyewe zikiwa ndani. Wabajuni waliokimbilia Kenya na kukaa katika kambi za Mombasa kama Jomvu waliona katika miaka ya 1990 mji ambao mtoto wa mtu mwenye cheti cha uhasibu anaajiriwa benki, anapata mshahara kila mwisho wa mwezi na mkopo wa nyumba, na wakarudi, au wakabaki, na picha hiyo. Katika Mombasa ya wakati ule picha ilikuwa ya kweli. Kenya ina Kasneb, bodi ya mitihani ya uhasibu iliyoanzishwa mwaka 1969, na mwajiri wa huko anaijua thamani ya cheti chake bila kumuuliza mwombaji baba yake ni nani. Lakini mwajiri huyohuyo humtaka mwombaji kitambulisho cha taifa, namba ya mlipa kodi na cheti cha tabia njema kutoka polisi, na hapo ndipo kijana wa visiwani, hata mwenye alama za juu, husimama mlangoni na shahada mkononi. Wanaotoa ushauri huu hupita haraka sana juu ya jambo hilo, kana kwamba ni urasimu wa wiki mbili, wakati wapo Wabajuni waliozaliwa upande wa Kenya ambao nao wamengoja kitambulisho kwa miaka.

Hoja ya kwanza dhidi ya ushauri huo basi ni ya historia. Pwani hii haijawahi kupata mfumo mmoja wa fedha uliodumu maisha ya mtu mzima. Kismayo ilitumia rupia ilipokuwa chini ya Waingereza, ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1920, Jubalandi ikakabidhiwa Italia mwaka 1925 na lira ikafuata, Waingereza wakarudi mwaka 1941 na shilingi yao, mwaka 1950 ikaja somalo ya udhamini wa Kiitaliano, kisha shilingi ya Somalia baada ya uhuru, na leo bei ya kitu chochote chenye uzito hutajwa kwa dola. Shilingi ya Somalia ingali mikononi mwa watu, lakini sehemu kubwa kabisa ya noti zake zilichapishwa na watu binafsi baada ya 1991, jambo ambalo Shirika la Fedha la Kimataifa limelieleza waziwazi. Mtu aliyekulia katika mazingira hayo, ambaye tangu utotoni anajua kulinganisha sarafu mbili au tatu kichwani na kukagua noti kwa vidole, ana elimu ambayo mwanafunzi wa chuo cha Nairobi huisoma kama sura moja ya kitabu na kuisahau baada ya mtihani.

Hoja ya pili inahusu kaunta ya hawala yenyewe, nayo inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa maana wengi huidharau bila kujua kinachofanyika nyuma yake. Hawala ni njia ya kuhamisha fedha ambayo noti zenyewe hazisafiri: mtumaji hulipa kwa wakala aliyeko Nairobi au London, wakala hupeleka taarifa, na mwenzake wa Kismayo hulipa kutoka katika mtaji alionao, kisha ofisi kuu, mara nyingi kwa njia ya akaunti zilizoko Dubai, hulinganisha madeni ya pande zote na kulipa tofauti tu. Karani wa kaunta hiyo hupokea jina, namba ya simu na neno la kumtambulisha mpokeaji. Hukagua kitambulisho kama kipo, na mara nyingi hakikuwapo, kwa kuwa Somalia ilianza kutoa kitambulisho kipya cha taifa mwaka 2023 tu. Huhesabu dola mara mbili, na huweka kando noti iliyochanika ukingoni au ya toleo la zamani ambayo soko litaikataa. Baada ya Alasiri hufunga hesabu: fedha taslimu zilizomo sandukuni, pamoja na zilizomo katika simu, lazima zilingane na salio la asubuhi likiongezwa yaliyopokewa na kutolewa yaliyolipwa. Zikipungua dola ishirini, karani haondoki. Hujifunza kwa njia hiyo, ndani ya miezi michache, kile ambacho wahasibu huita usuluhishi wa hesabu, yaani kulinganisha kumbukumbu mbili zilizoandikwa mahali tofauti hadi kila tofauti ipate maelezo yake, na hujifunza pia ukwasi, ambao ni kule kuwa na fedha za kutosha kulipa saa inayotakiwa na si kesho yake. Mwisho wa mwezi, watu wanapotumiwa matumizi kwa mkupuo mmoja, ofisi inaweza kuwa tajiri katika daftari na kukosa noti sandukuni, na anayeona hilo likitokea mara moja halisahau.

Itasemwa kwamba hii ni kazi ya zamani inayokufa. Ukweli ni kinyume. Makadirio yaliyokuwa yakitajwa mwaka 2015 yaliweka fedha zinazotumwa Somalia kutoka nje karibu dola bilioni 1.3 kwa mwaka, na ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilisema kwamba miamala ya fedha kwa simu nchini ilifika milioni 155 kwa mwezi, yenye thamani ya dola bilioni 2.7, katika nchi ambayo wenye akaunti ya benki walikuwa wachache. Benki Kuu ya Somalia, iliyoanza kufufuliwa mwaka 2009, iliipa kampuni ya Hormuud leseni ya kwanza ya fedha za simu mwaka 2021, baada ya huduma yake ya EVC Plus kuwa imetumika kwa miaka mingi. Sheria ilifuata nyuma ya kazi, na kijana anayeshauriwa kuanza kwa taasisi zenye vibali kamili angekuwa amekaa pembeni muda wote huo akiwatazama wengine wakijifunza.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito zaidi, kwamba hawala ni msingi wa mchanga kwa sababu mataifa makubwa yanaweza kuifunga siku yoyote. Mifano ipo. Novemba 2001 Marekani ilizifunga ofisi na akaunti za Al-Barakaat, kampuni ya hawala iliyokuwa kubwa kuliko zote, ingawa baadaye wachunguzi wa tume ya Marekani yenyewe hawakupata ushahidi wa kuthibitisha kwamba iliwafadhili waliofanya mashambulizi ya Septemba mwaka huo. Mwaka 2013 Barclays ilitangaza kuyafungia akaunti makampuni mengi ya kutuma fedha, na mojawapo, Dahabshiil, iliyoanzishwa Burao mwaka 1970, ikalazimika kwenda mahakamani London kupata zuio. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya ilisimamisha leseni za makampuni 13 ya Kisomali, zikarudishwa miezi miwili baadaye. Anayetoa mifano hii hudhani ameimaliza hoja. Kwa hakika amefungua mlango ambao ushauri wa kawaida hauutaji kabisa, kwa maana katika visa hivyo vyote kilichogombaniwa hakikuwa mtaji wala wateja, bali swali moja: je, kampuni inaweza kuthibitisha kwamba inamjua mtumaji, inamjua mpokeaji, na inajua fedha zimetokana na nini? Kazi ya kulijibu swali hilo huitwa uzingatiaji wa kanuni, nayo ndiyo nafasi yenye uhaba mkubwa wa watu wanaoijua kwa vitendo. Somalia ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kupambana na utakatishaji wa fedha, yaani kuzifanya fedha haramu zionekane halali, na kila taasisi yenye leseni sasa inahitaji mtu wa kuisimamia.

Mtu huyo hatengenezwi darasani peke yake. Kismayo ni mji wa mkaa: Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku usafirishaji wa mkaa kutoka Somalia mwaka 2012, kwa sababu biashara hiyo ilikuwa ikiwanufaisha Al-Shabaab, na majeshi ya Kenya na washirika wake yalipouingia mji baadaye mwaka huohuo yalikuta marundo makubwa ya mkaa yakingoja kusafirishwa. Karani anayepelekewa fedha na mtu anayejiita mfanyabiashara wa sukari lazima ajue sukari hiyo ilishuka gati lini, kwa chombo gani na nani aliipokea, na kama bei anayoitaja ni ya soko au ni kisingizio. Mhitimu wa Kuala Lumpur aliyekariri fomu ya maswali kumi ya kumtambua mteja ataijaza yote kumi na kuupitisha mkaa. Mtoto wa mjini aliyelelewa karibu na gati ataona kasoro kwenye swali la pili. Hili si dharau kwa Kuala Lumpur. Fomu nayo inahitajika, lakini haina macho.

Hoja ya tatu inahusu bahari, ambayo ushauri uliopo huiona kama mahali pa kurudi anayeshindwa. Uvuvi wa visiwani umejengwa juu ya mkopo kutoka juu hadi chini. Wakati wa kusi, upepo unapovuma na vyombo vingi kukaa pwani, mvuvi hukopa chakula, nyavu na mafuta kwa tajiri, yaani mfanyabiashara anayenunua mazao yake, na kaskazi ikirudi humlipa kwa kamba mawe, papa au jongoo bahari, akilazimika kumuuzia yeye na si mwingine. Ukurasa wa daftari la tajiri huwa na jina la nahodha juu, kisha uzito wa kamba na bei ya kilo, halafu makato: petroli, barafu, deni la kusi, na wakati mwingine sehemu ya injini iliyonunuliwa mwaka uliopita. Kinachobaki hugawanywa kwa mafungu, fungu la chombo, la nyavu, la nahodha na la mabaharia, na safari ikiambulia patupu hakuna anayedaiwa mshahara. Mtaalamu wa fedha za Kiislamu akiufungua ukurasa huo ataona mambo mawili anayoyafundisha kwa majina ya Kiarabu. Mgao wa mafungu ni ushirika wa faida na hasara, wa jamii ya musharaka na mudharaba. Ile injini, ikiwa tajiri aliinunua kwanza kisha akamuuzia mvuvi kwa bei iliyoongezwa na kutajwa wazi, ni murabaha, mauzo kwa mkopo yenye faida inayojulikana, ambayo ndiyo bidhaa kuu ya mikopo katika benki za Somalia.

Na ataona pia jambo la tatu lisilo zuri, kwamba bei ya kamba hupangwa na mkopeshaji mwenyewe, hivyo faida ya mkopo hufichwa ndani ya bei na mvuvi hajui kamwe amelipa kiasi gani. Kijana aliyekaa na daftari hilo misimu miwili, kaskazi na kusi, anajua mahali ambapo benki ingeweza kumkopesha nahodha kwa masharti bora na bado ikapata faida, anajua nani hulipa na nani huhama kisiwa, na anajua kwa nini marejesho ya kila mwezi, yanayopendwa sana na maofisa wa mikopo, ni upuuzi kwa mtu ambaye mapato yake hukoma wakati wa kusi. Ujuzi huo hauuzwi popote. Vivyo hivyo msichana anayewaandikia kina mama upatu wao, unaoitwa pia ayuto mjini Kismayo, ambao wanachama huchangia kiasi sawa na kupokezana mfuko mzima kwa zamu, amekwisha kujifunza kupanga zamu kwa kuzingatia nani ataweza kuendelea kulipa baada ya kupokea, na hilo ndilo swali zima la mikopo.

Lipo pingamizi moja ambalo haliwezi kuondolewa kwa hoja za aina hii, na waandishi wengi wa mambo ya ajira hulikwepa. Hawala huajiri kwa mdhamini. Karani anayeshika maelfu ya dola hutakiwa kuwa na mtu, au zaidi ukoo, utakaolipa ikiwa atatoroka, na katika nchi ambayo mahakama zilikuwa dhaifu kwa miongo mitatu, ukoo mkubwa ulikuwa bima pekee iliyofanya kazi. Wabajuni hawamo katika koo nne kubwa. Katika mgawanyo wa madaraka uliokubaliwa Arta, Jibuti, mwaka 2000 wamo katika ile nusu ya fungu iliyoongezwa juu ya mafungu manne ya koo hizo, pamoja na makundi mengine yote madogo. Kwa hiyo wanaosema kwamba hawala si ya watoto wa visiwani wanasema jambo lenye ukweli mchungu. Lakini kutokana na ukweli huo hutoa hitimisho lisilofuata, kwamba shahada ya ng'ambo itakuwa mbadala wa ukoo. Haijawa hivyo: mhitimu anayerudi Kismayo hukutana na swali lilelile la mdhamini, akiwa sasa na deni la karo. Njia iliyo wazi zaidi hupitia pembeni, kwa wakala wa fedha za simu anayeweka floti yake mwenyewe, yaani mtaji wa kielektroniki anaouuzia wateja, na ambaye dhamana yake ni fedha zake. Kwa duka la jumla linalouza kwa mali kauli. Kwa tajiri wa kamba anayemjua baba wa kijana. Fedha ambazo familia ingelipa kama karo ya muhula mmoja Nairobi zingeanzisha floti ndogo, na mwaka mmoja wa kumbukumbu safi za wakala ni ushahidi unaosomeka katika lugha yoyote.

Tena upepo wa biashara umegeuka bila washauri kuuona. Somalia ilikubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Novemba 2023 na kuwa mwanachama kamili Machi 2024. Mwaka 2023 Premier Bank ya Mogadishu ilinunua sehemu kubwa ya hisa za First Community Bank ya Kenya, na mwaka huohuo Uganda ikatoa leseni yake ya kwanza ya benki ya Kiislamu kwa Salaam, ya kundi lenye makao Jibuti. Mtaji wa Kisomali unaelekea kusini, katika miji inayozungumza Kiswahili, na unahitaji watu wanaoweza kusoma mkataba wa murabaha, kuzungumza na makao makuu kwa Kisomali na kumweleza mchuuzi wa Eastleigh, Nairobi, au wa Mombasa masharti yake kwa Kiswahili asichohitaji kutafsiriwa. Mbajuni wa Kismayo hukua na lugha hizo mbili pasipo kulipia somo. Kumwambia aziache rasilimali hizo akashindane na maelfu ya wahitimu wa Nairobi kwa kazi ya keshia katika benki isiyojua la kufanya na Kisomali chake ni ushauri wa ajabu.

Elimu rasmi haikataliwi hapa. Kinachokataliwa ni kuitanguliza. Kijana aliyefanya kazi ya hesabu miaka miwili anaweza kusoma Chuo Kikuu cha Kismayo, kilichoanzishwa mwaka 2005, huku akiendelea na kazi, na akifika kwenye somo la ukwasi anakuwa na mifano yake mwenyewe. Akitaka cheti, vile vya uhasibu vina faida kwake pindi anapoanza kutayarisha hesabu za mwaka, na vile vya AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka viwango vya uhasibu na ukaguzi kwa benki za Kiislamu, vina faida zaidi kwa kuwa soko lake lote ni la Kiislamu. Hatari iliyopo ni nyingine: kaunta inaweza kumzoesha mtu akabaki hapo miaka kumi akihesabu noti, au akajikopesha floti ya tajiri akidhani atairudisha Ijumaa. Anayeingia kazi hii aombe kuhamishwa kutoka malipo kwenda usuluhishi, na kutoka usuluhishi kwenda uzingatiaji wa kanuni, na kila anapohama aombe barua yenye tarehe na maelezo ya kazi aliyofanya, kwa sababu kazi isiyoandikwa mahali haihamishiki.

Inabaki lawama ambayo ushauri wa kawaida umeielekeza kusikofaa. Maneno yote humwangukia kijana, asome zaidi, asafiri mbali zaidi, avumilie zaidi, na hakuna hata moja linaloelekezwa kwa mwajiri wa Kismayo anayeendelea kudai dhamana ya ukoo wakati ana njia nyingine mkononi: amana ya fedha taslimu inayokatwa kidogokidogo kutoka mshahara, kumbukumbu za wakala wa simu zinazoonyesha kila muamala, wadhamini wawili wa biashara kutoka soko la samaki, na, tangu 2023, kitambulisho cha taifa kinachowezesha mtu kutambuliwa. Benki na ofisi za hawala zenye leseni hulazimika kuwaeleza wakaguzi wa Benki Kuu na benki washirika wa nje jinsi zinavyomjua kila mteja. Ni halali ziulizwe pia, na wazazi wa visiwani wanaoweka amana zao humo ndio wenye haki ya kwanza ya kuuliza, zinamjuaje na kumchaguaje kila mfanyakazi.